Kupima ugumu wa maji kwa mizani: kuanzia chupa ya kisima mpaka namba

Kila msimu wanafunzi wa fildi wakiingia maabara maswali ni yale yale. "Mbona mashapo yangu yamepita kwenye chujio?" "Mbona uzito unabadilika kila nikipima?" "Mbona mimi nimepata 380 na mwenzangu 440 wakati maji ni ya kisima kimoja?" Nimechoka kurudia kwa mdomo, tena mara nyingi narudia huku nimeshika koleo na krusibo (kikombe kidogo cha maabara kinachostahimili moto) ya mtu inaungua, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Soma mpaka mwisho kabla hujawasha hata hotipleti, maana kuna makosa mawili matatu ambayo ukiyafanya asubuhi unayajua jioni.

Tunachofanya ni hiki: kalsiamu iliyomo kwenye maji tunaifanya igande iwe unga mweupe unaoitwa kalsiamu oxaleti (haya ndiyo mashapo), tunauchuja, tunaukausha, tunaupima kwenye mizani, halafu kwa hesabu tunarudi nyuma kujua maji yalikuwa magumu kiasi gani. Nadharia ni hiyo tu, nyingine utaikuta njiani pale inapohitajika.

Najua kuna atakayeuliza, kwa nini nisitumie EDTA (kemikali inayoshika kalsiamu na magnesi, unaidondosha kwenye maji mpaka rangi igeuke) na bureti, dakika kumi nimemaliza? Tumia, hata mimi kwa kazi za kila siku natumia. Lakini EDTA inategemea myeyusho wako uwe sahihi na macho yako yaione rangi ikigeuka, wakati hapa unategemea mizani tu, kwa hiyo ukitaka kuhakiki kama EDTA yako inasema kweli, hii ndiyo ya kuhakikia. Na mtaala unaitaka, hata ukinung'unika.

Kwanza tuelewane kuhusu maji yenyewe

Huku pwani watu wakiona sabuni haitoi povu wanasema "haya maji ya chumvi". Wakati mwingine ni kweli, ila chumvi ya kula ni sodiamu na sodiamu haileti ugumu. Ugumu ni kalsiamu na magnesi. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama visima vingi vya Unguja na ukanda wa pwani kwa jumla, maji yake yamepita kwenye chokaa na yamebeba kalsiamu, ndiyo maana birika linaota ukoko mweupe ndani na beseni la kufulia linabaki na utando. Ukienda miteremko ya Mlima Meru ni tofauti kabisa, kule maji mengi yana sodiamu na floridi nyingi lakini kalsiamu kidogo, sabuni inatoa povu vizuri tu na bado meno yanaharibika. Nakwambia haya kwa sababu moja, kiasi cha maji unachochukua kinategemea maji yametoka wapi, na hili wengi hawalifikirii kabisa.

Kingine cha kujua mapema: njia hii inapima ugumu wa kalsiamu PEKE YAKE. Magnesi inabaki kwenye maji yaliyochujwa, na lazima ibaki huko. Usije ukaandika kwenye ripoti "ugumu wote" halafu msimamizi akakurudishia. Ugumu wote nitaueleza mbele.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

Vifaa:

- Mizani ya desimali nne (0.0001 g). Ya desimali mbili ni ya kupimia yurea tu, mashapo usiyapeleke huko.
- Krusibo za sinta tatu, zile za kioo zenye kitako cha vitundu vidogo, namba 4. Namba 3 inapitisha mashapo laini.
- Chupa ya kufyonzea, mpira wake wa kushikia krusibo, na pampu ya vakyumu au ile ya kufungwa kwenye bomba.
- Bika za mL 400 tatu, vioo vya saa vya kufunikia, fimbo za kioo tatu na moja yenye mpira mwishoni.
- Pipeti ya mL 50, au chupa ya ujazo ya mL 200 ukiwa nayo.
- Hotipleti, oveni, na kipimajoto cha kuweka NDANI ya oveni. Cha mwisho usikiruke, nitakwambia kwa nini.
- Desiketa (chombo cha kupozea kinachofungwa unyevu usiingie) yenye silika jeli ya bluu. Kama imekuwa ya pinki imeshalewa maji, irudishe kwenye oveni mpaka iwe bluu tena.
- Koleo la krusibo.

Kemikali:

- Asidi ya haidrokloriki kali (HCl).
- Amonium oxaleti: gramu 10 kwenye mL 250 za maji ya distili, ongeza mL 6 za HCl kali, koroga mpaka iyeyuke yote.
- Yurea safi ya maabara, gramu 15 kwa kila bika. Yurea ya mfuko wa mbolea ni ileile kwa jina, lakini ina uchafu na vumbi ambalo litaishia kwenye krusibo yako, iache shambani.
- Methaili redi, ile ya matone, rangi ambayo ni nyekundu kwenye asidi na njano asidi ikiisha.
- Silva naitreti na asidi ya naitriki kidogo, za kujaribia maji ya kuoshea.
- Maji ya distili, nusu lita yakae kwenye friji tangu jana.

Oxaleti ni sumu. Mawe mengi ya figo yametengenezwa na kalsiamu oxaleti hii hii tunayoitengeneza kwenye bika, kwa hiyo hakuna kuvuta pipeti kwa mdomo, hakuna chai mezani, na HCl kali inafunguliwa ndani ya kabati la kufyonza hewa. Miwani na glovu, sisemi zaidi.

Hatua zenyewe

1. Chukua sampuli kama mtu mwenye akili. Acha bomba au pampu ikimbie dakika kadhaa kwanza, maana maji yaliyolala kwenye mpira siyo maji ya kisima. Suuza chupa ya plastiki mara tatu kwa maji yaleyale, jaza mpaka juu, funga. Kama hupimi siku hiyohiyo tia asidi kidogo, mL 2 za HCl kali kwa lita inatosha. Sababu ni kwamba maji magumu yakikaa kwenye chupa yanatoa gesi na kalsiamu inajibandika ukutani, utaona kama vumbi jeupe, na hiyo ikibaki kwenye chupa ugumu umeshuka kabla hata hujaanza kazi. Maji yenye mchanga au tope yachuje kwa karatasi kabla ya kutia asidi.

2. Andaa krusibo, siku moja kabla. Zioshe, zifyonzee HCl ya vuguvugu, halafu maji ya distili mengi. Weka oveni kwenye 105 °C saa nzima, zitoe kwa koleo, ziweke kwenye desiketa dakika 30, pima. Rudisha oveni nusu saa, poza, pima tena. Ukipata tofauti isiyozidi 0.3 mg, hapo ndipo una uzito wa krusibo tupu. Zikizidi, rudia. Alama iandike kwa penseli kwenye sehemu iliyo na ukwaruzo, usibandike selotepu wala usiandike kwa maka peni, kwa sababu wino nao una uzito na ukiingia oveni unapungua.

Kuanzia hapa krusibo haiguswi kwa vidole. Alama ya kidole ina mafuta na jasho, mizani ya desimali nne inaiona.

3. Pima maji. Kwa kisima cha kawaida cha pwani chukua mL 200 kwenye kila bika, bika tatu. Lengo ni mashapo yenye uzito wa kati ya mg 80 na 200. Kama maji ni laini, tuseme ugumu ni 40 mg/L, mL 200 zitakupa mashapo ya mg 12 hivi, na ukikosea nusu miligramu tu kwenye mizani umeshakosea asilimia 4. Hapo chukua lita nzima, tia asidi, chemsha ipungue mpaka mL 200, ndiyo uendelee. Hujui kabisa ugumu wake? Fanya EDTA ya haraka kwanza ujue uko wapi.

Hapa ndipo pa kuongeza bika mbili za kujipima mwenyewe: moja ina maji ya distili matupu, ya pili ina 0.1000 g ya kalsiamu kaboneti safi iliyokaushwa, iliyoyeyushwa kwenye HCl kidogo na kujazwa maji ya distili hadi mL 200. Ya pili lazima ikupe mashapo ya mg 146. Usipoipata 146 au karibu yake sana, usihangaike na maji ya kisima, tatizo ni mkono wako au oveni yako. Kama una krusibo tatu tu, fanya hizi mbili siku ya kwanza na maji siku ya pili.

4. Tia asidi, chemsha. mL 2 za HCl kali kwenye kila bika, funika na kioo cha saa, pasha mpaka ianze kuchemka na uache dakika tano. Utaona vipovu vidogo vinatoka, hiyo ni kaboni dayoksaidi inaondoka. Ukiruka hatua hii, baadaye pH ikipanda (yaani asidi ikipungua) kalsiamu nyingine itaganda kama kaboneti badala ya oxaleti na hesabu yako inakuwa ya uongo.

Vijiwe vya kuzuia maji yasiruke usiweke! Vitaishia kwenye krusibo. Weka fimbo ya kioo ndani ya bika, inafanya kazi hiyohiyo, na fimbo hiyo haitoki humo mpaka mwisho wa kuchuja.

5. Matone matano ya methaili redi, halafu oxaleti. Maji yatakuwa mekundu. Mimina mL 25 za oxaleti taratibu huku unakoroga. Maji yanatakiwa yabaki angavu. Yakianza kuwa na ukungu usiogope, ongeza HCl tone kwa tone mpaka ukungu uondoke. Tunataka vitu vyote viwe vimeyeyuka humo, oxaleti na kalsiamu pamoja, vinatazamana tu.

6. Yurea, na hapa ndipo subira inapoanza. Tia gramu 15, koroga iyeyuke, funika, rudisha kwenye hotipleti, ichemke POLEPOLE. Yurea kwenye maji yanayochemka inavunjika kidogo kidogo inatoa amonia, amonia inamaliza asidi pole pole, na kalsiamu oxaleti inaanza kuganda sehemu zote za bika kwa pamoja. Ndiyo maana inatoka chenga kubwa nzuri zinazotulia chini. Ukimwaga amonia ya chupa kwa mara moja unapata maziwa, unga laini mno, na huo ndio unaopita kwenye chujio halafu unakuja kuniuliza.

Kama yurea hakuna kabisa, amonia iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inaweza kutumika, ila tone moja moja kwenye maji ya moto huku unakoroga, si chini ya dakika 15 nzima za kudondosha, halafu uache bika pale pale kwenye joto saa moja. Inawezekana, ila mkono utakuuma.

7. Subiri njano. Kwangu huwa inachukua kati ya dakika 40 na saa moja. Rangi itatoka nyekundu, itakuwa kama ya chungwa, halafu njano. Kabla ya njano utaona kitu kizuri kweli, ukishika bika usawa wa dirisha unaona vichenga vinang'aa vinazunguka ndani ya maji kama vumbi kwenye mwanga wa jua, hapo jua umefanya sawa. Maji yakipungua sana ongeza ya distili ya moto ufike mL 200 tena. Rangi ikififia ongeza matone mawili ya methaili redi.

Ikiwa njano, zima. Acha chenga zitulie dakika kumi, kisha dondosha matone machache ya oxaleti kwenye maji angavu ya juu. Yakibaki angavu, kalsiamu imeisha. Yakipata ukungu, ongeza mL 5 za oxaleti, chemsha tena kidogo.

8. Chuja yakiwa bado ya moto, usiyaache yalale. Hili ndilo kosa namba moja kwa visima vya karibu na bahari. Magnesi nayo inapenda oxaleti ila inachelewa kuganda, ukichuja mapema inapita zake, ukiacha bika mpaka kesho "nitachuja asubuhi" inaanza kukaa juu ya chenga zako na uzito unapanda. Maji ya bahari yana magnesi karibu 1,290 mg kwa lita na kalsiamu kama 410 tu, kwa hiyo kisima kilichoingiliwa na bahari kina magnesi ya kutosha kukuharibia kazi. Toka njano mpaka kwenye krusibo isizidi nusu saa.

Washa pampu kidogo tu, lowesha kitako cha krusibo, mimina maji ya juu kwanza kwa kufuatisha fimbo ya kioo, chenga zibaki chini. Ukianza na chenga vitundu vinaziba na utakaa hapo mpaka saa nane. Maji yakiisha ndiyo zisukume chenga kwa maji ya baridi kidogo, na zilizong'ang'ania ukutani zikwangue kwa fimbo yenye mpira. Angalia bika kwa mwanga kabla ya kuiweka kando, kila chenga unayoiacha humo ni ugumu umeuacha humo.

9. Osha kwa maji ya friji, kidogo kidogo. mL 10 mara tatu au nne, kila mara acha yaishe kwanza ndiyo uongeze. Kalsiamu oxaleti inayeyuka kwenye maji safi, kama 0.6 mg kwa kila mL 100, na kwenye maji ya moto zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukiosha kwa mL 200 "ili iwe safi kabisa" umeosha mpaka kalsiamu. Na usioshe kwa myeyusho wa oxaleti hata kama kuna mahali umesoma hivyo, hiyo ni kwa wanaochoma mashapo kwenye tanuru, sisi tunakausha tu kwa hiyo oxaleti itabaki hapo na kupimwa pamoja.

Kujua kama imetakata: pokea matone ya mwisho kwenye tyubu, tia asidi ya naitriki tone moja, halafu silva naitreti. Ukiona ukungu mweupe, kloridi bado ipo, osha mara moja zaidi. Hiyo naitriki usiisahau maana bila yake hata oxaleti kidogo inatoa weupe na utaosha mpaka kesho.

10. Kausha 105 °C, saa moja na nusu. Sasa ile habari ya kipimajoto. Kuna mwaka kundi zima lilipata majibu ya chini kwa karibu asilimia 12, wote, kwa usawa, wamefurahi kweli kwa sababu wamekubaliana. Nami nikafurahi nao. Ile bika ya mg 146 ndiyo iliyotuumbua, ikatoa 128. Kumbe swichi ya oveni ilikuwa inaonyesha 105 na ndani kuko karibu 180, na kwenye joto hilo mashapo yanapoteza ile molekuli moja ya maji iliyojifunga ndani yake. Chenga zetu ni kalsiamu oxaleti YENYE maji, na namba tutakayotumia kwenye hesabu inadhani maji hayo yapo. Yakiondoka, 146 inakuwa 128, na kisima kinaonekana kimepona. Tangu siku hiyo kipimajoto kinakaa ndani, kando ya krusibo, na swichi siiamini.

11. Poza, pima, rudia. Desiketa dakika 30 kamili, siyo 10. Krusibo ya moto kwenye mizani inapandisha hewa na mizani inasoma chini, unaona namba inatembea yenyewe. Pima, rudisha oveni nusu saa, poza, pima. Ukipata tofauti ya 0.3 mg au chini, umemaliza.

12. Hesabu. Tuchukue mfano:

Krusibo tupu: 31.4826 g
Na mashapo, mara ya kwanza: 31.6109 g
Mara ya pili: 31.6102 g (imeshuka 0.7 mg, bado)
Mara ya tatu: 31.6101 g (0.1 mg, basi)

Mashapo = 31.6101 − 31.4826 = 0.1275 g, yaani mg 127.5.

Ugumu unaandikwa kama vile kalsiamu yote ingekuwa kalsiamu kaboneti, ni desturi tu. Molekuli ya kaboneti ina uzito 100.09, ya mashapo yetu 146.11, ukigawanya unapata 0.685. Kwa hiyo:

Ugumu (mg/L) = mashapo kwa mg × 0.685 × 1000 ÷ mL za maji

127.5 × 0.685 × 1000 ÷ 200 = 437 mg/L

Kama bika ya maji ya distili ilikupa uzito wowote, utoe kwanza kwenye mashapo. Ukitaka kalsiamu yenyewe badala ya kaboneti, zidisha mashapo kwa 0.2743. Na ripoti wastani wa bika tatu, andika 437, siyo 436.6875 kwa sababu kikokotoo kimetoa hivyo. Nusu miligramu kwenye mizani hapa ni karibu 2 mg/L, kwa hiyo hizo desimali ni mapambo.

437 ni kubwa? Kwa vipimo vya USGS, wale wajiolojia wa Marekani, maji yakizidi 180 ni magumu sana, 121 hadi 180 magumu, 61 hadi 120 ya kati, na chini ya hapo ni laini. Kwa kunywa, WHO haijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu, kwa hiyo usimtishe mwenye kisima, mwambie tu birika na hita ya kuogea vitamchosha.

Na ugumu wote je?

Fanya EDTA kwenye maji hayohayo, pH 10, eriokromu bleki T (rangi ya kukuonyesha mwisho), hiyo inakupa kalsiamu na magnesi pamoja. Toa ugumu wa kalsiamu ulioupata kwa mizani, kinachobaki ni magnesi. Magnesi nayo inaweza kupimwa kwa mizani, inagandishwa na fosfeti na amonia halafu inachomwa kwenye joto la 1000 °C na zaidi, ila kwa anayeanza simshauri, ni siku mbili nyingine za maisha yako.

Huna krusibo ya sinta?

Tumia karatasi ya kuchujia isiyoacha majivu, kama Whatman namba 42, kwenye faneli ya kawaida. Ila karatasi huwezi kuikausha ukaipima, lazima uichome. Ikunje na mashapo ndani ya krusibo ya kauri iliyopimwa, ikauke, iungue taratibu bila kuwaka moto mpaka weusi uishe, halafu tanuru kwenye 500 °C saa moja, usipite 525. Hapo oxaleti imegeuka kaboneti, na raha yake ni kwamba uzito unaoupata ndio kaboneti yenyewe, hakuna kuzidisha kwa 0.685. Wengi wanasahau wanazidisha. Tanuru likipitiliza sana kaboneti inaanza kuwa chokaa na uzito unashuka.

Matatizo ninayoletewa sana

*Maji yaliyochujwa yana ukungu.* Mashapo yamepita. Usimwage! Yapitishe tena kwenye krusibo ileile, mara nyingi raundi ya pili chenga zilizokaa tayari zinashika zilizobaki. Yakiendelea, ulichemsha kwa haraka au krusibo ni namba 3.

*Mashapo yana rangi ya kahawia au ya kutu.* Kisima kina chuma. Maji ya hivyo, baada ya hatua ya 4, tia amonia kidogo mpaka inukie, chemsha dakika mbili, chuja hicho cha kahawia kwa karatasi na uioshe kwa maji ya moto, kisha rudisha asidi kwenye kilichochujwa mpaka kiwe chekundu kwa methaili redi, ongeza HCl kali mL 2, na uendelee na oxaleti.

*Saa moja na nusu imepita bado nyekundu.* Ama umezidisha asidi ama maji hayachemki, yanatoa mvuke tu. Yurea inavunjika vizuri ikiwa inachemka kweli, kwenye 80 °C utazeeka hapo. Ongeza gramu 5 za yurea na upandishe moto.

*Umeme umekatika katikati.* Kama bado ni nyekundu tulia, funika bika, ukirudi endelea ulipoishia. Kama imeshakuwa njano usisubiri umeme, chuja hapo hapo, pampu ya bomba haihitaji umeme, na hata bila pampu krusibo inashusha yenyewe pole pole. Umeme ukikatika krusibo zikiwa oveni, ziache humo na mlango umefungwa, ukirudi hesabu muda upya.

*Uzito unapanda kila nikipima badala ya kushuka.* Silika jeli imekufa, au mfuniko wa desiketa hauna grisi na hewa ya Dar inaingia. Mwezi wa nne hapa mjini krusibo iliyokaa wazi mezani dakika tano inabeba unyevu unaousoma kabisa.

*Bika mbili zinakubaliana, ya tatu imeruka mbali.* Usiifute tu kwa sababu inakuudhi. Angalia kwanza daftari, ilimwagika? Ilichelewa kuchujwa? Ukipata sababu iandike na uitoe. Usipopata, rudia ya nne.

*Krusibo imeziba.* Usichokonoe kwa sindano. Mimina HCl ya vuguvugu, mL 10 za asidi kali kwenye mL 10 za maji, iache dakika kumi bila kufyonza, kalsiamu oxaleti itayeyuka yenyewe, halafu fyonza na usuuze kwa maji ya distili mara tano. Ifanye siku hiyohiyo kabla haijakauka, na uiweke kwenye oveni tayari kwa atakayefuata.